Mbunge wetu alipiga kura gani?

Testi zilinibana, nimerudi.

Juzi jamaa wa chumbani kaniuliza: Mwakyembe wenu, kwenye umeme, misitu na ardhi alikuwa anapigia kura upande gani? Mimi wa Ikombe nikaona swali dogo tu. Nikaanza kupekua Hansard.

Jamani! Miswada mingi inapita kwa sauti. Spika anahoji, wanaoafiki wanaitikia "ndiyooo", wengine "siyo", kwisha kazi. Nani kasema nini, hujui. Bajeti ndiyo majina huitwa mmoja mmoja.

Kwa hiyo kinachobaki ni maneno na kazi ya kamati. Hapo mzee yumo! Novemba 2007 aliongoza kamati teule ya Richmond, kampuni iliyopewa mkataba wa umeme wa dharura wa megawati 100 mwaka 2006. Ripoti ikasomwa Februari 2008, Lowassa akajiuzulu uwaziri mkuu, Karamagi na Msabaha nao wakaachia ngazi. Wazee wa Kyela mpaka leo wanatamba, na wana haki.

Ila ubunge wake ni 2005 hadi 2020, miaka 15. Ndiyo na siyo zake nyingine zimemezwa na kelele za ukumbini. Kwetu Wakisi wanaishi kwa udongo wa vyungu. Sheria ikigusa ardhi ile, nataka kujua mbunge wangu kaitikia nini. Mtasema chama kinawabana. Sawa, basi majina yaitwe tuone nani kabanwa.