Funza wa Uani na Haki ya Jirani

Ndugu msomaji, neno funza halipendezi masikioni, hasa ukiwa mezani. Hata hivyo nakuomba univumilie, kwani funza ndio waliotuwezesha kubaki na kuku wetu 12 katika ua tunaoushiriki na wapangaji wengine hapa Dar es Salaam. Bei ya chakula cha kuku ilikuwa imetushinda, na mke wangu alikwisha kupata mnunuzi. Lakini mayai ya kuku hao ndiyo yanayonunua madaftari ya watoto.

Funza ninaowafuga si wa nzi wa chooni. Ni wa nzi mweusi, mwembamba, afananaye na nyigu, ambaye asili yake ni bara la Amerika na wataalamu humwita Hermetia illucens. Hana mwiba wala haumi. Akishapevuka hana haja ya chakula, basi hakitafuti chako. Huishi siku chache tu, akataga mayai mia kadhaa katika ufa mkavu karibu na takataka, kisha akafa. Mimi huyatega mayai hayo kwa vipande vya boksi, nikayahamishia katika ndoo yenye kifuniko. Huanguliwa baada ya siku 4 hivi. Funza hula maganda ya ndizi na makombo ya ugali kwa wiki 2 au zaidi, na wakikomaa huwa weusi na kutoka wenyewe kutafuta pakavu. Hupanda ubao niliouinamisha, wakaangukia koponi. Si chakula kamili. Pumba bado nanunua, ila kidogo kuliko zamani.

Taabu haikuwa kwa funza, ilikuwa kwa watu. Mtoto wa mpangaji mwenzetu alipoharisha, mama yake alisimama uani akasema ndoo yangu ndiyo iliyoleta maradhi, na kwamba atamwendea mwenye nyumba. Ungekuwa wewe, ungemjibuje? Ni rahisi kumwita mjinga. Lakini takataka zikirowa na kuachwa wazi, nzi wa kawaida, yule atokaye chooni akatua chakulani, huzaa humo humo. Hofu yake ilikuwa na msingi.

Mke wangu akafuatana naye kumpeleka mtoto zahanati. Jioni tukakaa, tukapatana: ndoo ikae mbali na majiko, isitiwe nyama wala samaki, iongezwe pumba kila ikirowa, na anayeishika anawe kwa sabuni.

Mtoto alipona. Kilichomwuguza hakikujulikana, wala mama yake hakutamka kuwa ndoo haina hatia. Ila siku hizi huniachia maganda yake ya ndizi mlangoni, na kila Jumapili huja kukikagua kifuniko kwa macho yake mwenyewe. Namshukuru kwa yote mawili.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukitamani kufuga funza, usitangulize ndoo. Tangulia kubisha hodi kwa jirani.