Mtu Mzima Aliyezaliwa na Moyo Mgonjwa

Katika kila watoto mia wanaozaliwa hai, karibu mmoja huzaliwa na moyo ambao umbo lake halikutimia. Mwingine ana tundu katika ukuta utengao vyumba vya moyo. Mwingine ana mshipa mwembamba mno. Mwingine ana kasoro nyingi pamoja. Si laana, wala si jicho la jirani, wala haimpasi mama yake kulaumiwa. Zamani watu walizoea kuuhesabu ugonjwa huu kuwa ni wa watoto tu, kwa sababu wale waliopatwa nao kwa nguvu hawakuishi hata tukawaona wamekua. Leo mambo yamegeuka. Katika nchi zenye mali, watoto tisa katika kumi wa namna hii hufikia utu uzima, na watu wazima wenye ugonjwa huu ni wengi kuliko watoto. Kwetu pia wameanza kuonekana, wanaume na wanawake wenye kovu refu kifuani. Hao hawaulizi tena kama wataishi, bali wataishije. Swali hilo ndilo tupendalo kulitazama mwezi huu.

Kwanza yafaa tuijue njia iliyotufikisha hapa. Mwaka 1888 mganga Mfaransa, Étienne-Louis Fallot wa mji wa Marseille, alieleza vizuri kasoro nne zikaazo pamoja katika moyo mmoja: tundu kati ya vyumba viwili vya chini, njia nyembamba ya damu iendayo mapafuni, mshipa mkuu uliokaa juu ya lile tundu, na nyama iliyonenepa ya chumba cha kuume. Damu nyingi hurudi mwilini bila kupita mapafuni kupata hewa, na midomo na kucha za mtoto hugeuka rangi. Walimu wenzetu, mkimwona mtoto amekimbia kidogo kisha akachutama njiani, msimwite mvivu. Kuchutama hubana mishipa ya miguu, na damu husukumwa zaidi kwenda mapafuni; naye hupata nafuu bila kufundishwa na mtu.

Tarehe 29 Novemba 1944, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, Dk. Alfred Blalock alimpasua mtoto wa kike wa miezi 15, akauunga mshipa wa mkono na mshipa wa mapafu, ili damu zaidi ipate hewa. Shauri lilitoka kwa Dk. Helen Taussig, mwanamke aliyewatunza watoto hao. Na nyuma ya Blalock, juu ya kibao, alisimama Vivien Thomas, mtu mweusi aliyewahi kufanya kazi ya useremala, ambaye fedha alizojiwekea kwa ajili ya masomo zilipotea benki ilipoanguka. Ndiye aliyeijaribu kazi ile mara nyingi kwa mbwa, na siku ile alimwongoza mkubwa wake kwa maneno. Ilipita miaka mingi kabla chuo kile hakijampa shahada ya heshima, mwaka 1976. Mtoto yule alifariki mwaka uliofuata kupasuliwa kwake, walakini mlango ulikuwa umefunguliwa. Mwaka 1954 Dk. C. Walton Lillehei, huko Minnesota, aliziba tundu na kuipanua njia ndani ya moyo wenyewe. Na kwetu Tanzania, tangu mwaka 2015 iko Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, Dar es Salaam, ambayo hutibu mioyo ya watoto na ya watu wazima.

Basi watu husema, “Amepasuliwa, amepona.” Neno hilo ni nusu ya kweli. Nyumba iliyozibwa ufa ni nyumba njema ya kukaa, lakini mwenyewe huitazama kila masika yakiisha. Wengi katika waliotengenezwa kasoro za Fallot, kilango cha damu iendayo mapafuni huvuja miaka ikienda, na chumba cha kuume hupanuka polepole, mtu asisikie maumivu yo yote. Mapigo ya moyo nayo huweza kupotea mwendo. Ndiyo maana yampasa kurudi kwa mganga wa moyo siku aliyowekewa, hata akijiona mzima. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tena asafishe meno yake kila siku, kwa kuwa vijidudu vya kinywani huweza kuingia katika damu na kushika ndani ya moyo. Akipata homa isiyokwisha, isihesabiwe kuwa ni malaria tu. Na amwambie mganga habari za moyo wake kabla ya kumeza dawa, ili damu ipimwe kwanza.

Sasa tuseme habari ya nyumbani kwetu. Mpwa wetu, binti wa dada yetu, alizaliwa na kasoro hizo nne, akapasuliwa alipokuwa na miaka 9. Sasa ana miaka 24, naye ni mshoni mwenye cherehani yake na wateja wake. Katika utoto wake watu walimkataza kuteka maji, na kucheza, hata kuimba katika kwaya, wakamwita “yai”. Alipokuwa mkubwa, wale wale wakautazama mwili wake mzuri, wakaanza kusema kwamba ni mvivu, kwa kuwa hupumzika akipanda kilima cha kanisa. Twaona kwamba amedhulumiwa mara mbili kwa moyo ule ule mmoja.

Mwaka jana kijana mmoja alileta posa. Dada yetu alitaka habari za ugonjwa zisisemwe mpaka harusi ipite, kwa kuogopa kwamba mlango huo ukifungwa hautafunguliwa tena. Hatukumlaumu, maana amekesha usiku mwingi kwa ajili ya mtoto huyu. Lakini sisi, kwa kuwa ni mjomba, ndio tuliopaswa kuwajibu wazee. Tukamwuliza mwenyewe. Akasema, “Mjomba, waambieni. Sitaki kufichwa kama deni.”

Tukawaambia. Wazee wakanyamaza, kisha wakaomba muda. Majuma matatu yakapita, na cherehani haikusikika katika nyumba ile. Juma la nne kijana akaja peke yake, akaomba ruhusa ya kufuatana naye hospitali siku ya kupimwa, pamoja na mama yake. Mganga akawaeleza wote: kilango chavuja kidogo, na yamkini siku moja kitahitaji kubadilishwa. Kazi ya kushona na ya shamba dogo yamfaa, mradi apumzike mwili ukimwambia. Na kwa habari ya mtoto, wasingoje mpaka mimba imeingia, bali waje kwanza apimwe, kisha azalie katika hospitali kubwa. Alisema wanawake wengi wa namna yake huzaa salama. Lakini wako wengine, hasa wale ambao nguvu ya damu katika mapafu imepanda sana, ambao mimba kwao ni hatari ya kufa. Mtoto naye huweza kuzaliwa na kasoro ya moyo. Hatari hiyo yapita ile ya watu wengine, ila walio wengi huzaliwa wazima.

Kijana akarudi kwao, akawaeleza wazazi wake yote, hata yale yasiyopendeza. Baba yake akatujia, akasema, “Mwalimu, mngalituficha hili, tungalitafuta mengine mliyoyaficha.” Tangazo la ndoa limekwisha kusomwa kanisani mara mbili.

Hatuyaandiki haya kwa kuwa kila posa itakubaliwa. Wako waliokataliwa, na wengine watakataliwa bado. Twayaandika kwa sababu mwaka 2016 ilitolewa habari ya uchunguzi wa watu wazima wenye ugonjwa huu, zaidi ya 4,000, katika nchi 15. Waliulizwa wenyewe maisha yao yakoje, na kwa jumla walisema ni mema. Waliosema maisha yao ni duni, mara nyingi walikuwa wale wachokao upesi, na wale waliozidi umri. Lakini tena walikuwa wale wasio na kazi, na wale ambao hawakuoa wala kuolewa. Litazameni jambo hili, ndugu zetu. Mganga aweza kuziba tundu, bali hawezi kumpa mtu kazi wala jamaa. Hayo hutoka kwetu kijijini.

Kwa hiyo, mwenye duka au karakana, mwulize mtu huyu aweza nini kabla ya kumwambia hawezi. Wazee wa kwaya, mpeni kiti aketi, lakini msimnyime wimbo. Wazazi, mfundisheni mwana wenu jina la ugonjwa wake na mwaka aliopasuliwa, akazitunze barua za hospitali kwa mkono wake mwenyewe, kwa maana hamtakuwapo siku zote kumsemea. Nasi walimu tusimwonee haya wala tusimwonee huruma ya kumfungia ndani. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nasi tulio na mioyo mizima tu wepesi wa kuupima mzigo wa mwingine kwa macho. Tumwulize yeye aliyeubeba, atatuambia uzito wake, na mahali atakapo tumshikie.