Wajina Wawili Katika Nyumba Moja

Katika nyumba niliyokulia, Ngamiani, mjini Tanga, tulikuwa wawili wenye jina moja. Lilikuwa jina la marehemu babu yetu, mzaa baba. Mtoto wa ami yangu alipewa kwanza, nami nikapewa miaka mitatu baadaye, na hakuna mzee aliyeona kuwa pana tatizo. Tatizo lilikuwa letu sisi watoto. Likiitwa jina kwenda dukani, tuliitika wote wawili, au hakuitika hata mmoja, kila mtu akidhani ameitwa mwenzake. Siku moja fimbo ya kosa lake ikaniangukia mimi. Hapo bibi akakata shauri: yule ni Mkubwa na huyu ni Mdogo, na atakayeita jina tupu asimlaumu mtu akiitikiwa na asiyemtaka.

Sikujua kuwa hukumu ile ya bibi ningekuja kuihitaji ukubwani, tena katika kazi ya kompyuta.

Kazi yangu ni kuandika programu. Mwaka 2009 kikundi kimoja cha akina mama cha kuweka na kukopa, hapa hapa Tanga, kiliniomba nikitengenezee programu ya kutunza hesabu zake. Nikaandaa hifadhidata, ambayo kwa msomaji asiyeijua ni kama kabati la madaftari: kila daftari ni jedwali, na kila jedwali lina safu zake zenye majina. Nilikuwa na jedwali la wanachama na jedwali la wadhamini wao. Katika kila moja niliweka safu niliyoiita simu. Sikuona ubaya. Mwanachama ana simu, na mdhamini ana simu. Ningeiitaje zaidi ya hivyo?

Ikafika siku ya kupeleka ujumbe wa kuwakumbusha waliochelewa kulipa. Niliiagiza programu iyaunganishe majedwali yale mawili na kuniletea safu zote. Sasa, lugha niliyoitumia, PHP, ikiletewa safu mbili zenye jina moja ili izipange kwa majina, huiweka ya mwisho mahali pa ile ya kwanza. Haiulizi wala haionyi. Simu ya mwanachama ikafunikwa na simu ya mdhamini, na ujumbe wote wa mwezi ule ukaenda kwa wadhamini.

Utaniuliza, je, sikuijaribu kwanza? Niliijaribu. Lakini mwanachama wa majaribio nilikuwa mimi, na mdhamini wake nilikuwa mimi pia, kwa nambari ile ile. Ujumbe ukanifikia, nikafurahi, nikafunga kompyuta nikaenda zangu.

Mmoja wa wanachama alikuwa mama mjane aliyekuwa amechelewa siku mbili tu. Mdhamini wake alikuwa shemeji yake. Mama yule hakupata ukumbusho wowote. Aliyeupata ni shemeji, naye akaja hadi barazani kwake jioni, mbele ya majirani, kumuuliza kama amekusudia kumtia yeye aibu. Fedha mama alikuwa nazo. Alizilipa kesho yake asubuhi, akajitoa katika kikundi.

Nilipogundua kosa nilikwenda kwake. Nilibisha hodi, nikamwamkia, akaniitikia marahaba na kunikaribisha kitini. Nikamweleza kuwa kosa si lake, wala si la shemeji yake, wala si la viongozi wa kikundi: ni langu mimi, kwa kuwa nilivipa vitu viwili jina moja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, hayo ya kompyuta siyajui. Mimi najua kuwa niliitwa mdaiwa sugu kwenye baraza langu mwenyewe." Hakurudi kikundini. Nilitoka pale bila neno, na maneno yake ninayo mpaka leo.

Miaka ilipita. Mwaka 2017 nikapata kazi nyingine ya namna ile, na safari hii niliamua kutumia Python pamoja na fremuweki ya kujengea tovuti iitwayo Django. Fremuweki hii ilianzia katika gazeti la mji wa Lawrence, jimbo la Kansas, Marekani, ikatolewa kwa watu wote mwaka 2005. Jina lake ni la mpiga gitaa Django Reinhardt. Hata yenyewe, basi, ina wajina wake.

Katika Django kila jedwali huandikwa kama modeli, na modeli huweza kurithi modeli nyingine. Niliandika modeli mzazi, Mtu, mwenye jina, tarehe ya kuzaliwa na simu. Kisha nikaandika Mwanachama na Mdhamini, wote wawili wakimrithi Mtu. Urithi wa aina hii una utaratibu wake: Mtu ana jedwali lake, na Mwanachama ana jedwali lake lenye yale yaliyo yake peke yake, pamoja na kiungo kinachomrudisha kwenye mstari wake katika jedwali la Mtu. Mrithi hachukui nakala ya mali ya mzazi; mali hukaa kwa mzazi, naye huifuata huko huko.

Nikataka Mwanachama awe na nambari ya pili, ile ya kupokelea fedha za mkopo, maana wengi hupokea kwa simu ya binti au ya kaka. Kwa mazoea nikaiita simu. Django ikakataa kuanza kabisa. Iliniambia wazi kuwa safu ya simu katika Mwanachama inagongana na safu yenye jina hilo hilo kutoka kwa mzazi wake.

Nakiri kuwa nilikasirika. Katika Python ya kawaida mtoto ana ruhusa ya kulitumia upya jina alilolikuta kwa mzazi, na lake likawa ndilo linalosikika. Mbona hapa imekatazwa? Nilipotulia nikaelewa. Hapa mzazi si kielelezo tu. Ni jedwali hai lenye mistari yake. Mtu akisema "simu ya mwanachama huyu," mashine iende jedwali lipi? Na akiibadilisha, nambari mpya iandikwe wapi? Mafahali wawili hawakai zizi moja.

Hata hivyo sheria hiyo ina mlango wake. Mzazi akitangazwa kuwa wa kidhahania, yaani asiye na jedwali lake, bali ni mfano wa kuigwa tu, mtoto anaruhusiwa kulichukua jina na kulijaza kwa namna yake, au hata kulifuta. Ruhusa hiyo ilikuja na toleo la 1.10, mwaka 2016. Nilipoisoma nilimkumbuka babu. Yeye alikuwa ameacha jina tu. Hakuwapo tena nyumbani wa kuitika nalo. Wala sisi wajukuu hatukugombana na babu. Tuligombana sisi kwa sisi, tulio hai.

Sikuutumia mlango ule. Nilibadilisha jina la safu nikaiita simu_ya_mkopo, na programu ikaanza. Na nilipoliandika jina hilo ndipo nilipoona jambo ambalo mwaka 2009 sikuliona: kwamba havikuwa kitu kimoja tangu mwanzo. Uvivu wangu wa kutafuta jina ulikuwa uvivu wa kufikiri.

Wahenga walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mashine iliyonikatalia mlangoni ilinikwaza dole, nikapoteza nusu saa. Ile iliyonyamaza ilijikwaa ulimi mbele ya majirani, na hasara akaipata mtu mwingine. Tangu siku hiyo sikilalamikii tena chombo kinachonigomea mapema. Na kila ninapoijaribu programu, mwanachama na mdhamini nawapa nambari mbili mbalimbali.

Mkubwa sasa ana mvi, lakini katika simu yangu bado nimemwandika Mkubwa. Hivi karibuni mpwa wetu alijaliwa mtoto wa kiume, na wazee wakakubaliana apewe jina la babu. Wote walishangilia. Mimi niliuliza swali moja tu: "Nyumbani mtamwitaje?" Wakacheka, wakidhani nafanya mzaha. Mkubwa hakucheka.