Tuuze Nguo, Tusiuze Huruma

Sisi vijana wa Nakivale, hapa Uganda, tunashona nguo za vikwembe na kuziuza kwa simu. Wengi wanatushauri tuanze kila tangazo na shida za vita. Jamani, huruma inanunua mara moja tu, lakini mteja aliyependa nguo anarudi. Kwa hiyo sentensi yetu ya kwanza inataja nguo na bei kwa shilingi. Halafu vipimo, siku itakayofika Mbarara, na namna ya kulipa kwa simu. Picha tunapiga asubuhi, mwanga ukiwa mzuri. Bando ni ghali, basi tunaandika machache na ya kweli. Historia yetu tunamwambia anayeuliza. Ndugu zetu wa mashirika, mkisambaza matangazo yetu, tafadhali msiongeze machozi. Acheni nguo ionekane.