Sufuria Mbele ya Kamera, Kawangware 56

Ukienda Kawangware usimsumbue manamba kwa kumwuliza mtaa unaoshukia unaitwaje. Jina ni namba ya gari lenyewe: 56, kama vile upande mwingine wa Kawangware unavyoitwa 46. Shuka, ruka tope ikiwa mvua imenyesha, pita viatu vya mitumba na mahindi ya kuchoma, usikie nyundo za mafundi wa bati. Hapo ndipo shangazi yangu alikuwa na kibanda cha sufuria, na hapo ndipo nilipojifunza, mwaka 1997, kwamba sufuria ni vigumu kuipiga picha kuliko bibi harusi.

Shangazi alitaka picha za kuwaonyesha wenye mikahawa na wasimamizi wa shule, apate oda kubwa. Nikaazima kamera, nikatandika shuka jeupe nje saa sita mchana, nikapiga sufuria zote 6. Picha ziliporudi kutoka mjini, shuka lilikuwa la kijivu kama jivu la jiko, sufuria nyeusi, na kila kifuniko kina doa jeupe linalochoma macho. Pesa za filamu na za kusafisha zilikuwa zimekwenda, na shangazi hakunisemesha siku mbili.

Aliyenieleza kosa langu ni mzee mwenye studio, chumba cha mabati chenye pazia lililochorwa bahari. Nairobi, alisema, iko karibu sana na ikweta. Jua la adhuhuri hukaa utosini, nalo ni chanzo kidogo chenye mwanga mkali. Chombo kinachong'aa huonyesha kile kinachokizunguka, kwa hiyo hukuiga sufuria, umeiga jua. Tena mita ya kamera haijui shuka ni jeupe. Hudhani kila kitu duniani ni kijivu, ikaona weupe mwingi, ikapunguza mwanga.

Basi tazama alivyofanya, maana waweza kuyafanya hata nyumbani. Alizima balbu, kwa sababu filamu ya rangi ya mchana huigeuza nuru yake kuwa ya chungwa. Alisogeza meza karibu na mlango, akatundika shuka mlangoni kutoka juu hadi chini. Shuka likawa ndilo taa: pana, laini. Ubavuni mwa sufuria ukatokea ukanda mweupe uliotulia badala ya lile doa. Lakini sasa kingo za sufuria zilipotea kwenye weupe wa nyuma. Akachukua vipande viwili vya kadibodi nyeusi, akavisimamisha kushoto na kulia, nje kidogo ya picha. Papo hapo kila ukingo ukajichora mstari mweusi mwembamba. Nilidhani ni uchawi.

Filamu ilikuwa ya ISO 100. Alifunga tundu la lenzi hadi f/11 ili mkono wa mbele na wa nyuma vyote vionekane sawasawa, na mita ikataka nusu sekunde. Akaikatalia. Alipiga kwa sekunde 1, kisha kwa 2, kwa kuwa weupe unadai nyongeza, na filamu nayo huchoka ikiachwa wazi muda mrefu. Kamera ilikaa kwenye stendi ya miguu mitatu. Magari ya barabarani yakipita, tulingoja sakafu iache kutetemeka. Sufuria 6 mara 2 ni picha 12, theluthi ya filamu ya 36. Ubahili wa filamu ndio uliotufanya tuangalie mara kumi kabla ya kubonyeza.

Siku hizi vijana wa hapo hupiga bidhaa zao kwa simu na kuona makosa papo hapo, na chumba cha mzee kimekuwa duka la M-Pesa. Shuka mlangoni bado lafaa.

Picha moja ya siku ile ninayo hadi leo. Sufuria kubwa inang'aa vizuri, shuka ni jeupe kweli. Ila ukiinama uitazame tumboni, utaona kitu kirefu chekundu: ni mimi, na sweta yangu, nimesahau kusogea.