Jibu la Kwanza Liwekwe Wapi?

Kisiwani Chole, katika ghuba inayotazamana na Utende, mashariki ya Kisiwa cha Mafia, mafundi wa mashua na majahazi hawana desturi ya kuchora ramani ya chombo kabla ya kukiunda. Umbo zima limo kichwani mwa fundi. Katika mazingira hayo ndimo alimokulia kijana mmoja aliyekwenda bara kusomea kompyuta, na ambaye, katika likizo yake ya mwisho, alirudi nyumbani na tasinifu isiyokwisha.

Mada yake ilikuwa kutunga kompaila, yaani programu inayopokea maelezo yaliyoandikwa kwa mtindo wa Lisp na kuzalisha amri za kiwango cha chini, zile ambazo mashine huzitekeleza moja kwa moja. Lugha ya Lisp ilianza kubuniwa na John McCarthy mwaka 1958. Mwaka 1962 Timothy Hart na Michael Levin walitunga kompaila ya Lisp iliyoandikwa kwa Lisp yenyewe, ikaweza hata kujitafsiri. Katika lugha hiyo tendo hutajwa kwanza, vitendwa hufuata, na vyote hufungwa ndani ya mabano. Mathalani:

(jumlisha (zidisha 2 3) 4)

Mabano yanaonyesha wazi kipi kimo ndani ya kipi, hivyo kompaila haina haja ya kukisia kipi kitangulie. Huingia hadi ndani kabisa, hutoa amri ya kuzidisha, kisha hutoka nje na kutoa amri ya kujumlisha. Amri zilizozalishwa na programu ya kijana zilileta 10, naye akaamini kwamba kazi imekwisha.

Baba yake, aliye fundi, alimwuliza anasomea nini hasa. Kijana alijibu kwa maneno ya darasani: kompaila, rejista, sintaksia. Mzee alinyamaza, akaendelea kupiga kalafati. Kimya kile kilimchoma kijana, kwani ada ya masomo yake ilitokana na kazi ile ile ya mikono.

Siku ya pili alianza upya. "Baba, taruma halisimami kabla ya mkuku kulazwa, wala kalafati haipigwi kabla ya mbao kupigiliwa. Nami naipangia mashine kazi kwa namna hiyo: la ndani kwanza, la nje baadaye. Ila mashine ina mikono michache, nayo ndiyo inayoitwa rejista." Kisha akachora mchangani hesabu mbili za kuzidisha ambazo majibu yake yanapaswa kujumlishwa.

Mzee aliitazama michoro. "Mwanangu, jibu la kwanza umelishika mkononi, na mkono huo huo ndio wa kufanyia la pili. La kwanza unaliweka wapi?"

Kijana hakuwa na jibu. Usiku ule aliijaribu programu yake kwa maelezo haya:

(jumlisha (zidisha 2 3) (zidisha 4 5))

Jibu sahihi ni 26; yeye alipata 40. Rejista iliyobeba 6 ilikuwa imepokea 20, ile 6 ikafutika, na 20 ikajumlishwa na 20. Majaribio yake yote ya awali yalikuwa na mabano ya ndani upande mmoja tu, ndiyo maana kosa halikujitokeza. Tiba yake ilikuwa nyepesi: kabla ya kuingia mabano ya pili, kompaila itoe amri ya kuhifadhi jibu la kwanza juu ya rundo katika kumbukumbu, na baadaye itoe amri ya kulirudisha.

Haitakuwa kweli kudai kwamba mzee aligundua kanuni mpya, kwani watunzi wa kompaila wameijua kwa miongo mingi. Alichofanya ni kuuliza swali ambalo mwanawe hakujiuliza muda wote alipokuwa akizungumza kwa istilahi tupu. Katika mijadala ya istilahi, mara nyingi hoja huishia kwenye neno moja moja: likopwe au libuniwe. Hapa neno "rejista" lilibaki vile vile siku zote mbili. Kilichobadilika ni maelezo yaliyolizunguka. Siku ya pili yalikuwa Kiswahili kinachoeleweka kwa msikilizaji wake, na kwa hiyo yakaweza kuhojiwa.

Katika tasinifu iliyowasilishwa hatimaye, jaribio la kwanza kwenye orodha ni lile lililowahi kutoa 40.