Watoto wetu ni wengi, lakini wa kutoa ni nani?



Wiki iliyopita tulikuwa na mkutano hapa Rwekubo. Mama mmoja akasimama kuomba msaada, akasema ana watoto wanane. Hata hajamaliza, mwanaume mmoja nyuma akapaza sauti: "Si uache kuzaa kwanza!" Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka kidogo, halafu nikaona haya, juu karatasi ya familia yetu imeandikwa watu tisa.

Tisa ni hivi: mama, sisi wanne aliotuzaa, watoto watatu wa mama mdogo aliyefia Rutshuru, na mmoja tuliyemkuta Bunagana analia peke yake, tulipokuwa tunakimbia mwaka 2022. Ukisoma karatasi utasema mama huyu amezaa sana. Ukikaa kwetu siku moja utajua ni vita imemletea watoto.

Sasa swali: serikali au mashirika yasaidie familia maskini zenye watoto wengi? Wanaokataa wana hoja, sitaki kuidharau. Wanasema pesa ni kidogo. Wanasema mwenye watoto wawili ataona ameonewa, na wengine watazaa ili wapate posho.

Lakini hiyo posho yenyewe tunaijua. Mwaka 2023 WFP iligawa wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu: la kwanza lilipata asilimia 60 ya posho kamili, la pili 30, la tatu halikupata kitu. Mwaka 2025 chakula kikasimamishwa kwa watu karibu milioni moja. Nani atabeba mimba miezi tisa kwa sababu ya mahindi ambayo mwezi ujao yanaweza kukatwa?

Uganda yenyewe ilishajaribu kuweka kikomo. UPE ilipoanza mwaka 1997, serikali ilisema italipia watoto wanne kwa kila familia. Mwenye sita afanye nini? Achague nani asome, nani abaki na mbuzi? Baadaye kile kikomo kikaondolewa, na leo hata watoto wa wakimbizi wanasoma kwenye shule hizo. Tena kuna wazee raia wanaolipwa posho na serikali. Hakuna anayewauliza kwanza walizaa wangapi.

Kitu ambacho watu hawaoni ni hiki: msaada ukikatwa, watoto hawapungui. Mama hawezi kupikia wawili akaacha saba. Sufuria ni moja, ila kila mtu anapata kidogo zaidi. Halafu mmoja anatoka. Kwetu alitoka kaka yangu. Aliacha shule S2, sasa yuko Mbarara anabeba matofali, na jioni anatuma kidogo kwa simu. Ana miaka 17. Yeye ndiye serikali yetu.

Sisemi watu wazae tu bila hesabu, hapana. Huduma ya uzazi wa mpango iwe karibu, na wanaume waitwe kwenye mafunzo, siyo mama peke yao. Yule aliyepaza sauti mkutanoni angekuwa wa kwanza kuitwa! Lakini huduma hiyo isiwe bei ya kununulia chakula. Mtoto wa nane hakuomba kuwa wa nane, na njaa yake ni sawa na ya mtoto wa kwanza.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Unapoona familia kubwa kwenye orodha, kabla ya kuuliza "mbona wengi?", uliza "wamefikaje hapa?" Na ukihesabu, hesabu kila mtoto.

Usiku ule baada ya mkutano, yule tuliyemkuta Bunagana, sasa yuko P4, aliniuliza polepole tukiwa tumelala: "Wakisema watu wapunguzwe kwenye karatasi, ni mimi nitatoka?"

Nilimwambia hapana, lala. Lakini mimi sikulala haraka.

Nyinyi mnaonaje? Andikeni hapo chini, hata kama hamkubaliani na mimi.